Kompyuta na Joto la Kaskazi

Mwaka 2001, jarida la mtandaoni la Tom's Hardware lilionyesha video fupi ambayo mafundi wengi wa kompyuta wanaikumbuka mpaka leo. Kompyuta zilikuwa zikichezesha gemu ya Quake III. Katikati ya mchezo, mkono wa mtu uliingia ndani ya mashine na kung'oa hitisinki, yaani lile bonge la chuma lenye mapezi membamba na feni, linalokaa juu ya prosesa ili kuipoza. Pentium 4 ya Intel ilipunguza mwendo, picha zikawa zinakwama-kwama, lakini haikuzima; hitisinki iliporudishwa, mchezo uliendelea. Pentium III ilisimama kabisa bila kudhurika. Athlon ya AMD ya wakati huo ilitoa moshi na kufa katika kufumba na kufumbua.

Pentium 4 iliokolewa na kihisi joto kilichomo ndani ya chipu yenyewe, pamoja na mfumo wa kupunguza kasi joto linapopita kiasi. Athlon ile haikuwa na kinga ya namna hiyo. Siku hizi kinga hiyo ni jambo la kawaida: kila prosesa ya Intel au AMD inayouzwa kwa matumizi ya nyumbani hujipima joto mara nyingi kila sekunde, hupunguza kasi na volteji inapokaribia kikomo chake, na huizima mashine yote ikiona joto bado linapanda.

Kwa hiyo hofu ya kwamba kompyuta ya nyumbani itaungua prosesa mchana kweupe ni hofu ya zama zilizopita. Hatari ya leo imehamia kwa majirani wa prosesa: kapasita, betri, diski, na vile viungio vidogo vya risasi vinavyoshika chipu kwenye mazabodi. Vitu hivyo vingi havina uwezo wa kujipunguzia mwendo. Huzeeka polepole, joto likiharakisha uzee huo, na siku vikifa mwenye kompyuta huambiwa ni umeme, au ni bahati mbaya. Mtu anayeishi Tanga, Kilwa au Lamu, ambako msimu wa kaskazi hukifanya chumba kishinde na nyuzi 32 kuanzia asubuhi mpaka jioni, ana sababu zaidi ya wengine kulifahamu jambo hili.

Kwanza nambari zenyewe, kwa sababu ndizo zinazotia watu wasiwasi. Mtu anapakua programu ya kupimia joto kama HWiNFO au Core Temp, anaona nyuzi 88, anadhani nyumba itashika moto. Ukweli ni kwamba kila chipu ina kikomo chake kilichowekwa na walioitengeneza. Prosesa ya Intel Core i9-13900K, iliyotoka mwaka 2022, ina kikomo cha nyuzi 100. Zile za AMD za mfululizo wa Ryzen 7000, zilizotoka mwaka huohuo, nyingi zina kikomo cha nyuzi 95, na AMD ilieleza waziwazi kwamba zimeundwa kufika hapo zikiwa na kazi nzito na kubaki hapo bila madhara. Ndugu yao mmoja, Ryzen 7 7800X3D, amewekewa nyuzi 89. Kadi ya grafiki ya Nvidia RTX 4090 ina kikomo cha nyuzi 90.

Hakuna, basi, nambari moja inayofaa kwa kompyuta zote. Hata nambari inayoonekana kwenye skrini inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mwaka 2017 AMD ilitoa prosesa za Ryzen 7 1700X na 1800X, na wanunuzi wakashangaa kuziona zikionyesha joto kali hata zikiwa hazina kazi. AMD ikafafanua kwamba nambari ile ilikuwa imeongezwa nyuzi 20 kwa makusudi, ili feni za prosesa za familia hiyo zifuate utaratibu mmoja. Aliyesoma 75 alikuwa na 55.

Kwa kompyuta ya kawaida ya nyumbani, iliyo katika chumba kisicho na kiyoyozi pwani, picha ya jumla iko hivi. Ikiwa haina kazi kubwa, prosesa ikiwa kati ya nyuzi 40 na 55 hakuna la kushangaza. Ikiwa na kazi nzito, kama kuhariri video au kucheza gemu, kati ya 65 na 85 ni hali njema. Ikigusa kikomo chake mara mojamoja kwa muda mfupi, hasa kompyuta mpakato nyembamba, huo ni mwenendo wake. Ikikaa kwenye kikomo saa nzima huku kazi ikizidi kuwa nzito na mashine ikizidi kuwa polepole, hapo kuna jambo la kushughulikia. Na ikijizima yenyewe katikati ya kazi, jambo hilo halingoji kesho.

Watu wengi hukosea wanapolinganisha nambari zao na za wengine. Kifaa kinachopozwa kwa hewa au kwa maji ya kawaida hakiwezi kushuka chini ya joto la chumba kilimo. Hitisinki na feni hufanya kazi ya kupunguza tofauti kati ya prosesa na hewa inayoizunguka. Chukua mashine ambayo prosesa yake, ikiwa na kazi nzito, huwa juu ya hewa ya chumba kwa nyuzi 45. Katika maabara ya mkaguzi wa Ulaya yenye nyuzi 22, mashine hiyo itasoma 67. Mashine ileile, feni ileile, ikiwekwa chumbani Dar es Salaam mwezi wa Februari kwenye nyuzi 33, itasoma 78. Haijaharibika wala haijaunganishwa vibaya. Anayesoma tathmini za nje kabla ya kununua na aongeze nyuzi 10 hivi kichwani mwake, kisha aamue kama kifaa hicho kinamfaa.

Watengenezaji wenyewe huandika joto la chumba ambamo mashine yao inaruhusiwa kufanya kazi, ingawa mstari huo ni nadra kusomwa. Apple huandika nyuzi 10 hadi 35 kwa kompyuta zake za MacBook. HP, katika miongozo ya kompyuta zake nyingi za mezani, huandika nyuzi 10 hadi 35, kisha huongeza sharti: kikomo hicho kishushwe nyuzi 1 kwa kila mita 300 juu ya usawa wa bahari, na mashine isipigwe na jua moja kwa moja.

Sharti hilo la mwinuko lina maana kubwa Afrika Mashariki. Feni hupoza kwa kusukuma hewa, na hewa ya juu milimani ni nyepesi, hivyo kila mzunguko wa feni hubeba joto pungufu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kwa hesabu ya HP, kikomo cha 35 kinashuka hadi kama nyuzi 29. Mombasa, iliyo kando ya bahari, ina kikomo chake kamili cha 35. Lakini Nairobi hata katika miezi yake ya joto mchana wake kwa kawaida ni wa nyuzi ishirini na kitu, na Mombasa wakati wa kaskazi hufika 32 au 33. Miji hiyo miwili, mmoja wa baridi na mmoja wa joto, inajikuta imebakiwa na nafasi ndogo inayokaribiana kabla ya kuvuka mpaka. Na huko Muscat, ambako Waswahili ni wengi, mchana wa Juni unaopita nyuzi 40 huuvuka mpaka huo kabisa; kompyuta iliyowashwa katika chumba kisicho na kiyoyozi huko iko nje ya masharti ya aliyeitengeneza.

Nafasi hiyo ndogo huliwa upesi. Umeme karibu wote unaoingia kwenye kompyuta hutoka ukiwa joto. Mashine ya gemu inayotumia wati 300 inapasha chumba kama hita ya wati 300. Chumba kidogo, mlango umefungwa kwa sababu ya kelele za watoto, pazia limeshushwa kwa sababu ya jua kwenye skrini: baada ya saa mbili hewa inayovutwa na feni si ile ya nyuzi 31 ya mwanzo. Ikiwa kompyuta yenyewe imesukumwa ndani ya kabati la meza, ukuta nyuma na mbao ubavuni, itakuwa inavuta hewa iliyotoka kuitema.

Sasa majirani wasio na mlinzi.

Kapasita ni vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye mazabodi na ndani ya pawa saplai. Kazi yake ni kuufanya umeme utulie usiyumbe. Nyingi ndani yake mna kimiminika, na kimiminika hicho hukauka kidogo kidogo. Kapasita ya kawaida iliyo imara huandikwa ubavuni nyuzi 105, na mtengenezaji huipa saa fulani za maisha kwenye joto hilo. Saa 2,000 ni kipimo kinachoonekana mara nyingi. Kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba kila ukipunguza nyuzi 10, maisha yake huongezeka mara mbili. Ikikaa kwenye nyuzi 75, itapata kama saa 16,000. Ikikaa kwenye 65, saa 32,000. Kwa mtu anayewasha kompyuta saa 8 kwa siku, tofauti hiyo ya nyuzi 10 ni tofauti kati ya miaka mitano na nusu na miaka kumi na moja.

Dunia ilipata somo chungu la kapasita kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, pale mamilioni ya kapasita yalipoingia sokoni yakiwa na kimiminika kibovu. Vichwa vyake vilifura na kupasuka, mashine zikawa zinajizima na kugoma kuwaka. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 kugharimia matengenezo ya kompyuta zake za OptiPlex zilizokumbwa na tatizo hilo. Kosa la msingi lilikuwa la kiwandani, lakini joto liliharakisha mwisho wa zile zilizokaa mahali pabaya.

Betri ya kompyuta mpakato nayo haipendi joto. Battery University, mradi wa elimu wa kampuni ya Cadex ya Kanada, una jedwali linaloeleweka kwa urahisi: betri ya lithiamu iliyohifadhiwa mwaka mzima ikiwa imejaa chaji, kwenye nyuzi 25, hubaki na uwezo wa asilimia 80 hivi. Kwenye nyuzi 40 hubaki na asilimia 65. Lakini iliyohifadhiwa kwenye nyuzi 40 hizohizo ikiwa na chaji ya asilimia 40 tu hubaki na 85. Maana yake ni kwamba kompyuta mpakato inayoshinda imechomekwa ukutani, imejaa, juu ya godoro, imekusanya mambo yote yanayoizeesha betri kwa pamoja. Watengenezaji wengi sasa wameweka katika programu zao chaguo la kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Anayetumia kompyuta yake mezani muda wote na aliwashe chaguo hilo leo.

Viungio vya chipu vina ugonjwa wa aina nyingine: haviumizwi na ukali wa joto peke yake, vinaumizwa na kupanda na kushuka kwake. Mfano mkubwa ni Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft. Ilikuwa ikionyesha duara la taa nyekundu na kufa. Julai 2007 Microsoft iliongeza dhamana hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya matengenezo. Baadaye kampuni yenyewe ilieleza chanzo: kila mashine ilipowashwa na kuzimwa, chipu zilipata moto kisha zikapoa, na ule mtanuko na msinyao ukakata viungio vidogo vilivyozishika.

Kwa diski za kuzunguka, habari ni nzuri kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Walitarajia kuona diski zenye joto zikifa kwa wingi. Hawakuona hivyo, isipokuwa kwa zile za joto kali ambazo tayari zilikuwa na umri mkubwa. Hata baadhi ya zilizokuwa baridi sana zilikufa zaidi. Diski ya nyumbani ikiwa kati ya nyuzi 30 na 45 iachwe ifanye kazi. Diski mpya za chipu, zile nyembamba zinazolala kwenye mazabodi, nyingi huruhusiwa kufika nyuzi 70 na hupunguza kasi zenyewe zikizidiwa.

Kwa nini joto limekuwa shida kubwa namna hii? Mwaka 1974 Robert Dennard wa IBM na wenzake walionyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa, volteji yake inaweza kupunguzwa pia, hivyo zikaongezwa idadi bila joto la chipu kuongezeka. Kwa miaka kama thelathini viwanda viliishi kwa neema hiyo. Pentium ya kwanza ya mwaka 1993 ilitumia wati zisizofika 20. Kisha umeme ukaanza kuvuja kwenye transista ndogo mno hata zikiwa zimefungwa, na volteji ikakataa kushuka. Februari 2001 Pat Gelsinger wa Intel aliwaonya wahandisi waliokusanyika San Francisco kwamba wakiendelea hivyo, joto linalotoka katika kila sentimita ya chipu litafikia la tanuri la nyuklia, kisha la mdomo wa roketi.

Onyo hilo lilitimia ndani ya kampuni yake mwenyewe. Pentium 4 iliyoitwa Prescott, ya mwaka 2004, ilifika wati 115 na ikalaumiwa kila mahali kwa joto. Mwezi Mei mwaka huo Intel ilifuta mrithi wake aliyeitwa Tejas. Oktoba ikafuta Pentium 4 ya gigahezi 4 iliyokuwa imeahidiwa, na mkurugenzi mkuu Craig Barrett akaomba radhi jukwaani kwa kupiga magoti. Kuanzia hapo viwanda viligeukia prosesa zenye viini viwili, vinne, na zaidi. Lakini hamu ya wati haikwisha: Core i9-13900K, katika kilele cha kazi yake, imeruhusiwa kutumia wati 253.

Joto hilo lote lina njia moja ya kutoka. Linaanzia kwenye chipu, linapita kwenye pesti nyembamba, linaingia kwenye shaba au alumini ya hitisinki, linasambaa kwenye mapezi, na hapo hewa inalichukua. Shaba hupitisha joto vizuri kuliko hewa tulivu kwa zaidi ya mara 10,000. Ndiyo maana pengo la hewa, hata jembamba kama unywele, kati ya chipu na chuma ni ukuta. Pesti huwekwa kuziba pengo hilo. Mapezi yametandazwa kwa sababu ileile inayofanya nguo itandazwe kambani badala ya kukunjwa: eneo likiwa kubwa, hewa hufanya kazi yake upesi. Na katika hitisinki nyingi mna mirija ya shaba iliyofungwa, yenye kimiminika kidogo kinachochemka upande wa moto na kurudi kuwa maji upande wa baridi. Mirija hiyo ilipata umaarufu kwa kazi ya George Grover huko Los Alamos, Marekani, mwaka 1963, wakati wakitafuta njia ya kutoa joto kwenye vyombo vya anga.

Ukiijua njia, kutafuta ugonjwa si kazi ngumu. Mwenye kompyuta aiwashe, aipe kazi nzito, kwa mfano kwa programu ya Prime95 iliyotungwa kutafuta namba tasa kubwa, huku akitazama joto. Likiruka hadi kikomo ndani ya sekunde chache, tatizo liko karibu na chipu: pesti imekauka, au hitisinki imelegea. Likipanda taratibu na kufika juu baada ya dakika kumi au zaidi, tatizo ni hewa: vumbi, feni iliyochoka, au chumba. Kisha afungue ubavu wa kompyuta ya mezani na arudie. Joto likishuka sana, kama nyuzi 8 au 10, boksi lenyewe limekosa pumzi.

Dawa ya kwanza ni kuondoa vumbi, na ni ya bure. Mashine izimwe, ichomolewe ukutani, ipelekwe nje, ipulizwe kwa blowa au kwa brashi laini. Feni zishikwe kwa kidole zisizunguke wakati wa kupuliza, kwa sababu feni inayozungushwa kwa nguvu ya upepo hutoa umeme na pia huharibu beringi zake. Vumbi la kompyuta mpakato hukaa mahali pasipoonekana, kati ya feni na mapezi, likiwa limeshikana kama kipande cha kitambaa. Kulitoa mara nyingi kunahitaji kufungua kifuniko cha chini. Pwani vumbi hukutana na unyevu na chumvi, likaganda na kula chuma, hivyo kusafisha mara mbili kwa mwaka, kabla na baada ya kaskazi, si kupita kiasi.

Ya pili ni mwelekeo wa hewa. Feni za mbele ziingize, za nyuma na za juu zitoe. Watu wengi hufunga feni zote zikitoa, wakidhani joto litatoka zaidi. Matokeo yake hewa huvutwa kupitia kila tundu lisilo na chujio, na vumbi nalo. Sentimita 10 za nafasi nyuma ya boksi zina thamani kuliko feni ya tatu. Kompyuta mpakato ikae juu ya kitu kigumu, na ikiwezekana inyanyuliwe nyuma kidogo, kwa sababu nyingi huvuta hewa kutoka chini.

Ya tatu ni pesti mpya, kiasi cha punje ya mchele katikati ya prosesa za ukubwa wa kawaida, baada ya kufuta kabisa ile ya zamani kwa spiriti.

Ya nne hugharimu mibofyo michache tu, nayo ndiyo inayosahaulika zaidi. Katika mipangilio ya umeme ya Windows, katika mashine zinazoonyesha kipengele hicho, kuna kiwango cha juu cha prosesa. Kikishushwa kutoka asilimia 100 hadi 99, mashine nyingi huacha kujiongezea kasi ya ziada, na joto hushuka waziwazi. Prosesa za Ryzen 7000 zina hali maalumu ya kubana matumizi inayoweza kuifanya chipu ya wati 170 iishi kama ya wati 65. Wati za mwisho ndizo za ghali kuliko zote: huongeza kasi kidogo na joto jingi. Kwa familia inayonunua umeme wa LUKU au wa tokeni, uniti nazo hudumu zaidi.

Kupoza kwa maji kunasifiwa sana, na kwa prosesa kubwa kuna faida. Maji hubeba joto kutoka kwenye chipu hadi kwenye rejeta, lakini kwenye rejeta ni feni na hewa ya chumba vinavyomaliza kazi, kwa hiyo chumba cha nyuzi 33 kinabaki kuwa chumba cha nyuzi 33. Pampu ikifa, kupoza kunakufa ghafla, wakati hitisinki ya kawaida feni yake ikisimama bado huondoa joto kidogo. Mahali ambapo vipuri huagizwa mbali na kungojwa, hitisinki kubwa ya mirija na feni inayopatikana dukani ni chaguo la busara kwa nyumba nyingi.

Kiyoyozi husaidia kwa kiasi kikubwa, bali kina tahadhari moja. Kompyuta iliyokaa usiku katika chumba cha nyuzi 20 ikitolewa ghafla kwenye hewa ya pwani yenye unyevu, mvuke huweza kugeuka maji juu ya vyuma vyake. Iachwe ikiwa imezimwa mpaka ipate joto la mahali ilipo.

Mwisho ni wale wanaonunua mashine za mtumba, ambao ni wengi mno Kariakoo ya Dar es Salaam, Luthuli Avenue ya Nairobi na kwingineko. Kompyuta ya ofisi iliyofanya kazi miaka sita Ulaya, katika jengo lenye ubaridi mwaka mzima, inaweza kuwa na pesti iliyokauka na kapasita zilizochoka bila mtu yeyote kujua, kwa sababu hali ya hewa ilikuwa inaifichia maradhi. Ikifika pwani, maradhi hujitokeza katika kaskazi ya kwanza. Mnunuzi ana haki ya kuomba ubavu ufunguliwe, atazame vichwa vya kapasita kama vimefura, kisha aombe mashine ipewe kazi nzito kwa dakika kumi na tano mbele yake, joto likionekana kwenye skrini. Muuzaji anayeijali biashara yake atakuwa ameshapuliza vumbi na kubadili pesti kabla ya kuiweka mashine kwenye rafu. Kazi hiyo haifiki saa moja, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na hasara ya mwanafunzi anayepoteza mashine yake ya pekee wiki moja kabla ya mtihani. Asiyekubali dakika kumi na tano hizo amekwisha toa jibu kuhusu bidhaa yake, na fedha za mnunuzi zibaki mfukoni.